Kikombe cha Mama Kaleli

Kabla sijasema lolote jema juu ya Mwelu, niseme kwanza kwamba nilimtukana. Nilimtukana mchana kweupe mbele ya wateja wake wa chai, na tusi lenyewe lilimgusa mama yake mzazi, ambaye sikuwahi kumwona. Leo ninaandika haya kwa jicho aliloliokoa yeye. Kila nikifika mwisho wa mstari nikakuta bado ninaona, aibu na furaha hunijia kwa pamoja. Wanaonijua watakwambia Ngigi wa Theta ana hasira za karibu. Sibishi.

Mwelu anauza chai kwenye machimbo ya mawe upande wa Murera, pale ploti mpya zinapoishia na vumbi jeupe linapoanza. Kibanda chake ni mabati manne na turubali la buluu. Sisi humwita Mama Kaleli, kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuja kutoka Mwala, Ukambani, miaka kumi na minane iliyopita mumewe alipopata kazi ya kupasua mawe. Mume baadaye alipata kazi ya ulinzi Ruiru, lakini yeye akakataa kuhamisha sufuria zake. Chai yake ina tangawizi ya kumkohoza mtu. Muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, nilianza kuula kwa dharau, mimi Mkikuyu niliyelelewa kwa githeri, na sasa nikiukosa siku mbili nakuwa mkali nyumbani. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye shimoni bila kusimama kwenye kigoda.

Lakini chai siyo iliyompa umaarufu. Umaarufu aliupata kwa macho yetu.

Ukichonga jiwe, nalo hukurudishia. Vibanzi huruka usoni siku nzima, na haipiti wiki kabla kimoja hakijaingia jichoni mwa mtu. Machimbo yetu yalikuwa na desturi zake za kukitoa. Wapo waliotumia pembe ya leso, wapo waliotafuna njiti ya kibiriti mpaka ikawa laini. Mama Kaleli alitumia singa ya mkia wa ng'ombe. Aliikunja ikawa kitanzi chembamba, akakufungua kope kwa vidole viwili, akaupitisha unywele ule juu ya jicho mara moja tu, na kibanzi kikatoka nao. Kilichokaidi unywele alikitoa kwa ulimi. Ndiyo, ulimi. Kisha jicho likiwa jekundu alimwita mama yeyote mwenye mtoto mchanga, naye akadondosha humo matone mawili ya maziwa yake. Hatukuona ajabu. Watu walikuja kwake hata kutoka machimbo ya ng'ambo ya mto, na hakuwahi kudai kitu. Malipo yake yalikuwa kusifiwa, na alisifiwa kwelikweli.

Mimi alinitoa vibanzi mara nne, vyote katika jicho la kulia. La kushoto halina la kuharibiwa. Surua ilinipata nikiwa na miaka mitatu ikaniachia utando mweupe, na kwa jicho hilo naona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita, basi. Kwa hiyo mke wangu Warigia, binti yangu Mitchell, nyundo yangu, hata njia ya kurudi nyumbani, vyote nilivifikia kwa jicho moja. Mtu mwenye akili zake angelitunza. Mimi nilichonga mawe uso wazi kwa miaka kumi na miwili, na mtu akiniuliza nilimwambia jicho langu limeshazoea.

Mwaka juzi machimbo yalipofunguliwa Januari, baada ya wote kurudi kutoka makwao, Mama Kaleli alirudi mtu mwingine. Wa kwanza kuingiwa na kibanzi alimkimbilia kama kawaida. Alimkalisha, akamwinamisha kichwa upande, akammiminia jichoni maji yaliyochemshwa yakapoa, mengi, polepole, mpaka kibanzi kikatoka chenyewe. Wa pili maji hayakumsaidia. Alimwambia aende hospitali siku hiyohiyo asisubiri kesho, kisha akageukia mandazi yake. Ule unywele wa ng'ombe hatukuuona tena, na kina mama wenye watoto wachanga wakaachwa kwa amani.

Haikuishia hapo. Alimwandama mwenye machimbo kila alipokuja kukagua, akamfuata mpaka kwenye mlango wa gari, na mwishowe yule bwana akanunua miwani ya kazi ya kila mtu kutoka duka la vifaa vya ujenzi pale Kimbo, nadhani ili apate kupumua. Kisha Mama Kaleli akatangaza sheria yake: asiyekuja na miwani hapati chai.

Tulimcheka, na kinara wa kucheka nilikuwa mimi. Nilimwita Profesa. Nilimuuliza kama udaktari kule Mwala siku hizi husomewa wiki mbili za Krismasi. Nilimwambia ulimi wake umepandishwa cheo, haushiki tena kazi za watu wa chini. Miwani yenyewe ilijaa jasho na ukungu, nami sikuwa na subira nayo, kwa hiyo niliivaa kwenye paji la uso. Sheria ilisema uje nayo, haikusema uivae wapi. Hakukuwa na paji la uso lililolindwa kama langu kaunti nzima. Yeye alinimiminia chai, akanitazama, akasema neno lilelile kila siku: nicheke, nikimaliza niishushe.

Jambo moja jingine lilinikera. Kila asubuhi kikombe cha kwanza kilikwenda kwa Mwau, na andazi kubwa kuliko yote likamfuata. Mwau alikuwa mchongaji mwenzetu zamani. Alipotea miezi michache, akarudi bila jicho la kushoto, akapewa kazi ya kutunza stoo ya vifaa. Alituambia jicho liliugua akiwa nyumbani, na sisi hatukuuliza zaidi. Mimi nilidhani ni mambo ya Wakamba na Wakamba wenzao, nikalisema hilo kwa sauti, ili wasikie wote wawili.

Basi ikafika Jumanne moja ya Februari ya mwaka uliofuata, kama saa tano asubuhi. Nilikuwa namalizia kona ya jiwe, miwani ikiwa kwenye paji la uso. Tindo liligonga mahali pagumu, nikasikia kitu kikinipiga jichoni kama nimechomwa sindano. Sikuanguka. Nilisimama tu nikingoja kuona, na sikuona. Palikuwa na wekundu uliokuwa ukitembea, kisha ukungu, kisha machozi ya moto yakimiminika yenyewe. Wenzangu walinishika mabega wakanipeleka kibandani. Nilikuwa nikitembea kama ng'ombe anayevutwa mnadani.

"Mama Kaleli, toa," nilimwambia. "Toa haraka, hii ndiyo naonea."

Nilihisi vidole vyake kwenye kope, vyepesi kama zamani. Aliangalia muda mfupi sana. Kisha akaondoa mkono.

"Hii sitoi, Ngigi. Na wewe hutaigusa. Kaa chini."

Nilidhani ananilipiza. Miezi yote ile ya Profesa na Wakamba ilinijia kichwani, nikaamini mwanamke huyu ameamua kuniacha nipofuke kwa sababu ya utani. Hapo ndipo nilipomtukana. Mtu mmoja alisema taratibu, Ngigi, na mwingine akajitolea kutafuta njiti ya kibiriti. Mama Kaleli alimwambia akinigusa atammwagia chai ya moto, na kwa sauti ile hakuna aliyedhani anatania.

Nilisikia kisu kikikata plastiki. Alikuwa amechukua kikombe kimoja cha chai, cha vile vyepesi vya kutupa, akakikata nusu. Alikipachika juu ya jicho langu, ukingo ukalala kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu, kisigusane na jicho lenyewe hata kidogo. Alichana leso yake akakifunga nayo kuzunguka kichwa changu, akaniambia nilifumbe na hilo bovu pia, kwa kuwa moja likicheza jingine hulifuata.

Kiilu, dereva wa lori, alikuwa akipakia. Mama Kaleli alimwambia waondoke. Kiilu akasema lori halijajaa.

"Mawe hayaozi," akamjibu. "Washa gari."

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiacha sufuria motoni. Siku hiyo aliziacha mbili. Alipanda kwenye kabini ya dereva, akaniweka katikati, akanishika vifundo vya mikono yote miwili mpaka hospitali ya Thika. Nilihitaji kushikwa. Mkono ulikuwa unataka kwenda jichoni wenyewe, na kila ulipoinuka ulikuta umeshikwa. Alimwamuru Kiilu apunguze mwendo kwenye kila shimo, na Kiilu, ambaye huendesha kama anafukuzwa, akatii.

Hasira iliisha tulipofika lami, ikabaki hofu peke yake. Asubuhi ile Mitchell alikuwa amenifuata mlangoni akitaka nimtazame jino linalotikisika. Nilimwambia nitaliona jioni. Sasa nilikuwa nikijaribu kuuona uso wake kichwani, na nilichopata ni sauti tu. Mtoto wa miaka sita nilikuwa naye nyumba moja kila siku, na sikuweza kusema nyusi zake zimekaaje. Nililia ndani ya kile kikombe. Mama Kaleli akakaza mikono yake, akaniambia nisikaze macho.

Daktari wa macho alikuwa binti mwenye sauti ya upole, Daktari Dianah. Alifungua leso, akaondoa kikombe, akauliza ni nani aliyenifunika namna ile. Nadhani Mama Kaleli alijua atafokewa.

"Ni mimi," akasema.

Daktari akamuuliza kama alijaribu kukitoa, kama aliosha, kama alitia chochote humo. Akajibu hapana mara tatu.

"Basi, mama, umemwokolea jicho."

Alinieleza nami, kwa kuwa alitaka nielewe. Kibanzi hakikukaa juu. Kilikuwa kimejikita ndani ya kioo cha jicho, ile ngozi angavu ya mbele, karibu kutokea upande wa pili, na chenyewe ndicho kilichokuwa kimeziba tundu. Mtu angekivuta kule machimboni, kwa unywele au kwa ulimi au kwa njiti, maji ya ndani yangemwagika na uchafu ungeingia. Hata kukisugua kwa kiganja kungekizamisha. Kilihitaji kutolewa chini ya darubini, na jicho lishonwe. Wakafanya hivyo alasiri ileile. Walinishona nyuzi mbili nyembamba kuliko unywele.

Siku zilizofuata nilikaa na jicho la kulia limefunikwa, na la kushoto likinionyesha mwanga wa dirisha kama ilivyo kazi yake. Walisema hawawezi kuniahidi lolote mpaka wafungue. Warigia alikuwa akija na kurudi. Siku ya tatu, mchana, nilisikia mtu akivuta kiti na nikasikia harufu ya tangawizi. Mama Kaleli alikuwa ameleta uji wa wimbi.

Nilimwomba msamaha kwa lile tusi. Akasema mama yake alishafariki, hakusikia. Kisha nikamuuliza lile nililokuwa nikijiuliza tangu kwenye lori: alijuaje? Nikasikia akizungusha kijiko ndani ya kikombe cha uji ambacho hakuna aliyekuwa akikinywa.

Akanisimulia. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kufunga kazi kwa Krismasi, wengine wakiwa wameshaondoka. Mwau aliingiwa na kibanzi. Mama Kaleli alijaribu kukitoa kwa ule unywele wake, kikakataa, akakivuta tena kwa nguvu zaidi, kikatoka. Alijisifu. Kesho yake, wakiwa safarini kwenda Mwala, kwa kuwa kijiji chao ni kimoja, alimwomba mama mmoja maziwa akamdondoshea. Akamfunga kitambaa, akamwambia asifungue siku tatu. Siku ya tatu alifungua yeye mwenyewe, na alichokiona kwenye kitambaa hakuniambia. Walikwenda Machakos, na huko jicho likatolewa. Muuguzi mmoja hakumfokea. Alimwambia tu, wakiwa wamekaa kwenye benchi, kwamba kilichohitajika ni kikombe: kufunika, kutogusa, na kukimbia.

"Kikombe, Ngigi," akasema. "Na mimi nauza chai."

Alilia, na mimi sikuwa na ruhusa ya kulia. Aliniambia unywele aliuchoma motoni usiku wa kurudi. Alitaka kutangazia machimbo yote alilofanya, Mwau akamkataza. Mwau alimwambia watu wakijua wataacha kumsikia, na akiacha kusikiwa wataendelea kutoana macho kwa njiti. Akamwambia arudi, akawafundishe, na habari ya jicho lake aiache kwake. Kwa hiyo wakanyamaza wote wawili, na yeye akavumilia utani wangu karibu miezi kumi na minne.

Nilitaka kusema kitu cha maana. Nilichosema ni kwamba uji umepoa.

Walinifungua Jumatatu. Daktari Dianah alizima taa ya karibu, akabandua pamba, akaniambia nifumbue taratibu. Kwanza palikuwa na ukungu wa kijivu. Kisha kitu cheupe kikajitenga na kitu cha samawati, na hicho cha samawati kikawa sweta ya shule, na juu ya sweta palikuwa na mdomo uliofunguliwa wote, unanionyesha pengo. Jino lilikuwa limeshang'oka. Mitchell alikuwa amelileta ndani ya karatasi ili nisije nikasema sikuliona. Nyusi zake, mniamini, zinakaribia kukutana katikati, kama za mama yangu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti bila kujali ni wodi ya watu.

Sioni kama zamani kabisa. Taa za magari zina miale, na kusoma natumia miwani. Daktari aliniambia mtu wa jicho moja hana la akiba, kwa hiyo nivae kinga hata nikifyeka nyasi, nipimwe macho kila mwaka hata yakiwa hayaumi, nisinunue dawa ya matone kwa kukisia. Nimeyatii yote. Warigia anasema kama ningemtii yeye nusu ya hivyo nyumba ingekuwa imeshapakwa rangi.

Nilirudi machimboni mwezi wa tano. Kabla ya kushika nyundo nilikwenda stoo. Mwau alikuwa kwenye kigoda chake akipanga matindo, kikombe cha kwanza cha Mama Kaleli kikitoa mvuke kando yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani kutoka Theta, na yote yalinitoka. Nilisimama tu mbele yake, nikamwambia Mama Kaleli ameniambia. Nikamwambia kama si jicho lake, langu lingetolewa kwa unywele wa ng'ombe siku ileile, nami ndiye ningekuwa nimewaomba wanitoe kibanzi.

Aliweka tindo chini, akaniashiria niiname. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akalitazama jicho langu kwa hilo lake moja. Alilitazama sana, pembe hadi pembe, kama mtu anayekagua ukuta alioujenga mwenyewe.

"Mimi nilidhani yangu ilipotea," akasema. "Kumbe ndiyo hii."

Aliniachia kidevu. Mkono wake ukapanda mpaka kwenye paji langu la uso, pale miwani ilipokuwa imekaa kwa mazoea, akaishusha yeye mwenyewe mpaka machoni, kisha akanipa nyundo yangu.